"Ukipasha moto vizuri hakuna neno": nilimwambia mpishi hivyo, watu wakatapika

Shikamoo Mama Mkubwa,

Nina miaka 22, niko mwaka wa pili chuoni, nasomea usalama wa chakula. Fani hii sikuichagua kwa mapenzi. Nilikosa nafasi ya uuguzi nikaangukia huku, na mpaka leo nikiulizwa nyumbani nasoma nini, kaka yangu hunijibia: "Anasomea kunawa mikono." Watu hucheka, nami nilikuwa nacheka nao.

Miezi miwili iliyopita nilipelekwa mafunzo kwa vitendo kwenye jiko la bweni linalolisha watu kama 180. Mpishi mkuu ni mama wa makamo, kazi hiyo ameifanya zaidi ya miaka ishirini, na alinipokea kama mwanawe. Usiku wali ukibaki, aliuacha kwenye sufuria ileile uliopikiwa, akaufunika, ukalala juu ya meza. Asubuhi aliukaanga na vitunguu ukawa kifungua kinywa cha wanaowahi kutoka. Friji ipo, lakini ni moja, imejaa maziwa na nyama, na sufuria ile haiingii. Kutupa nako hawezi. Mabaki hupimwa kila asubuhi na msimamizi, na kilo zikizidi anayeulizwa ni yeye.

Wiki ya tatu aliniuliza, si kwa kunitega, kwa kutaka kujua hasa: "Mwanangu, nyie mnaosomea mambo haya, hiki kiporo kina neno?" Siku hizo nilikuwa nimetoka kusoma kwamba chakula kikifika nyuzi 70 za Selsiasi katikati, karibu vijidudu vyote vya hatari hufa. Nikamjibu kwa kujiamini: "Mama, ukipasha moto vizuri hakuna neno." Alifurahi. Akawa anawaambia wenzake kwamba hata wataalamu wameruhusu.

Kisha ikaja siku wali ulibaki mwingi kuliko kawaida. Ulikuwa umepikwa saa kumi na moja jioni, ukaliwa saa moja usiku, ukalala. Asubuhi saa kumi na mbili na nusu ukakaangwa. Mama aliunusa kwanza, nami nikaunusa, haukuwa umechacha hata kidogo. Niliuona kwa macho yangu ukitoa moshi. Waliokula ni 26. Kufika saa tatu, 11 kati yao walikuwa wanatapika, wawili wakaharisha kidogo. Hakuna aliyepata homa. Kesho yake wote walikuwa wazima. Waliokunywa chai na mkate tu hakuna aliyeumwa. Na wali huohuo, usiku wake, uliliwa na watu zaidi ya 150 bila hata mmoja kushika tumbo.

Msimamizi aliitisha kikao mchana uleule, akasema mpishi hakunawa mikono asubuhi ile. Mama akasimamishwa kazi bila malipo "mpaka uchunguzi uishe". Uchunguzi wenyewe sijauona. Sufuria ilikwisha kuoshwa na makombo kutupwa kabla ya adhuhuri. Kinachoniumiza zaidi ni kwamba mama yule hakunitaja. Mbele ya watu wote hakusema "huyu mwanafunzi ndiye aliyeniambia." Alinitazama tu, akainamisha kichwa.

Nina alama 41 kwenye mikrobiolojia. Majina ya bakteria yananichanganya, nayakariri usiku, asubuhi yameyeyuka. Naomba unijibu bila kunionea haya: ni mikono ya mama, au ni mimi? Niseme, au ninyamaze, maana ripoti yangu ya mafunzo inasainiwa na msimamizi huyohuyo? Na mtu kama mimi aendelee na fani hii, au nihamie biashara kabla sijaua mtu?

Mwenye Deni

*

Marahaba, mwanangu.

Barua yako nimeisoma mara mbili. Mara ya pili niliisoma na kalamu mkononi, nikizungushia duara kila mahali ulipotaja saa: kumi na moja jioni, saa moja usiku, kumi na mbili na nusu asubuhi, saa tatu. Umenipa na hesabu ya waliokula, walioumwa, waliokula kingine wakapona, na waliokula kilekile mapema wakapona vilevile. Nimewahi kusoma ripoti za watu wenye vyeti vitatu ukutani ambazo hazina nusu ya hayo. Hilo tuliweke kando kidogo, nitalirudia.

Tuanze na mikono. Msimamizi anasema uchafu uliingia asubuhi ile, mpishi alipokuwa anakaanga. Saa zako zinamkatalia. Mtu akitapika ndani ya saa mbili au tatu baada ya kula, bila homa, na kesho yake akawa mzima, mara nyingi hakuumwa na kijidudu kilichoingia tumboni kuanza maisha mapya. Hakuna muda wa hilo. Bakteria wa Salmonella huchukua saa 6 hadi siku kadhaa kabla ya kumlaza mtu. Virusi vya noro, ambavyo kweli huletwa sana na mikono michafu, kwa kawaida huanza kutapisha baada ya saa 12 hadi 48. Watu wako walianza kabla hata ya kumaliza vipindi viwili vya asubuhi. Kutapika kwa haraka namna hiyo ni alama ya sumu iliyokwisha kutengenezwa ndani ya chakula, ikamsubiri mlaji sahanini.

Watuhumiwa wakuu wa kazi hiyo ni wawili. Wa kwanza ni bakteria aitwaye Staphylococcus aureus, ambaye huishi puani mwa karibu mtu mmoja kati ya watatu, na kwenye vidonda na majipu ya mikononi. Huyu ndiye ambaye msimamizi angeweza kumtaja na asichekwe. Lakini hata yeye hana miujiza. Akidondoka kwenye wali saa kumi na mbili na nusu, hawezi kuwa amejaza sumu ya kuangusha watu 11 kabla wali haujatoka jikoni. Anahitaji saa kadhaa za chakula vuguvugu. Kwa hiyo kama ni yeye, aliingia jioni, labda wakati wa kupakua, akalala na wali.

Wa pili ni bakteria aitwaye Bacillus cereus, na kwa wali uliolala huyu ndiye ambaye mtu yeyote wa maabara angemfikiria kwanza. Huishi udongoni, huja na punje za mchele tangu shambani. Mambo yakiwa magumu hujifunga ndani ya ganda gumu, spora, na spora zake hustahimili maji yanayochemka. Sasa fikiria sufuria ya saa kumi na moja jioni. Moto umeua bakteria wote wasio na ganda. Spora zimebaki, tena ule moto wenyewe umeziamsha. Wali unaanza kupoa, maji yapo, wanga upo, na washindani wote wamekufa. Ni sawa na kumfungulia mtu nyumba, ukampikia, ukamfukuzia na majirani. Spora zinachipua, bakteria wanazaliana, na baadhi ya jamii zao hutoa sumu ya kutapisha iitwayo sereulaidi.

Hapa ndipo jibu lako kwa mama lilipokwenda kombo. Ulisoma kwamba nyuzi 70 huua vijidudu, na ni kweli. Lakini moto huua kilicho hai, na sumu haina uhai wa kutolewa. Sereulaidi imepimwa ikabaki na nguvu zake baada ya dakika 90 kwenye nyuzi 121, joto la mitambo ya kusindika makopo. Kikaango cha mama kingefanya nini? Sumu ya Staphylococcus nayo huvumilia kuchemshwa nusu saa. Moshi uliouona ulikuwa wa kweli, bakteria wengi walikufa pale mbele yako, na waliyoyaacha yakapakuliwa.

Pua nayo isikusumbue. Wali huchacha kwa kazi ya vijidudu vya kuozesha, ambao hutoa asidi na harufu na mara nyingi hawamdhuru mtu sana. Vya kudhuru vinaweza kufika mamilioni bila kubadili harufu wala rangi. Wahenga walisema wali wa kushiba huonekana kwenye sinia. Walinyamaza kuhusu wa kutapisha, kwa sababu hauonekani popote.

Angalia tena kitu ambacho wewe mwenyewe umeniandikia bila kukitilia uzito: wali huohuo uliliwa usiku na watu zaidi ya 150, wakalala salama. Mchele mmoja, maji yaleyale, mpishi yuleyule na mikono ileile. Kilichobadilika kati ya sahani ya usiku na sahani ya asubuhi ni muda wa saa kumi na moja na nusu. Ulipouliza "ni mikono au ni mimi", ulinipa washitakiwa wawili ukamwacha wa tatu nje ya kizimba. Ni ule usiku. Hata tukija kugundua kwamba bakteria walitoka mikononi, bila usiku ule wangebaki wachache wasio na sumu ya kutosha kumtapisha mtoto.

Hesabu yake inatisha ukiifanya polepole. Bakteria katika mazingira yanayompendeza anaweza kujigawa kila dakika 20. Mmoja tu, baada ya saa nane, ni zaidi ya milioni 16. Jikoni si kitabuni, wali hauko kwenye joto moja usiku kucha na hakuna anayeanza na bakteria mmoja. Lakini sufuria yako ilikuwa na jambo linaloifanya iwe mbaya zaidi: ukubwa. Chakula kizito hupoa kuanzia nje, na muda wa kupoa katikati huenda na mraba wa unene. Ukiongeza kina mara mbili, kitovu kinasubiri kama mara nne. Wali wa kina cha sentimita 30 ndani ya sufuria iliyofunikwa unaweza kuwa baridi ukingoni na vuguvugu katikati mpaka alfajiri. Na vuguvugu, yaani kati ya nyuzi 5 na 60, ndiko wanakofanyia sherehe. Labda ndiyo maana waliumwa 11 na si wote 26: sumu haikusambaa sawasawa, aliyepakuliwa ya katikati hakupata sawa na aliyepakuliwa ya pembeni, na kuna waliokula kijiko na waliokula sahani mbili.

Sasa kuwa mwangalifu, maana najua utataka kukimbia na hili. Mimi sijathibitisha kwamba ni Bacillus cereus. Wewe pia hujathibitisha. Uthibitisho ungetoka kwenye mabaki au matapishi yaliyopelekwa maabara, navyo vimekwenda na maji ya kuoshea. Na hata mabaki yangekuwepo, ungepaswa kumwambia mtu wa maabara kwamba wali ulikaangwa, kwa sababu angeweza kuhesabu bakteria hai akawakuta wachache akasema chakula ni safi, kumbe sumu imo. Andika unachokijua: saa, hesabu, dalili, mahali wali ulipolala. Andika "inaelekea". Neno hilo ni la heshima katika kazi hii.

Aliyeharakisha kuosha sufuria na kutaja mkosaji siku hiyohiyo amefanya kosa ambalo hata nchi kubwa zimelifanya. Mwaka 2011 Ujerumani ilipigwa na aina kali ya bakteria E. coli, watu zaidi ya 50 wakafa na maelfu wakaugua. Mwezi Mei maofisa wa Hamburg walinyoosha kidole kwa matango kutoka Hispania. Masoko yakafungwa, wakulima wakamwaga mazao, halafu ikaonekana matango hayo hayakuwa na bakteria wa mlipuko ule. Chanzo kilikuwa mbegu za uwatu zilizochipushwa na kuliwa mbichi. Unajua walisaidiwa na nini kukipata? Walaji wenyewe hawakukumbuka kula machipukizi, yalikuwa ni pambo tu juu ya saladi. Wachunguzi wakachukua orodha za vyakula vilivyoagizwa na makundi ya watu kwenye mkahawa mmoja, wakarudi jikoni, wakamuuliza mpishi: kwenye sahani hii unaweka nini, na nini, na nini tena? Mpishi alikuwa shahidi wao muhimu. Kwenu, shahidi amesimamishwa kazi kabla hajaulizwa.

Nami nitasema jambo la msimamizi, ingawa hukuniuliza. Mikono ni mshitakiwa rahisi. Ukiilaumu mikono, dawa yake ni barua ya onyo na kipande cha sabuni. Ukiulaumu usiku, utaulizwa kwa nini friji ni moja, kwa nini hakuna sinia za kupozea wala kipimajoto, na nani aliweka utaratibu wa kupima mabaki ili mpishi aogope kutupa. Mama yule hakuacha wali ulale kwa ujinga. Aliwekewa mizani asubuhi na hakuwekewa mahali pa kuuhifadhi usiku, akafanya ambacho mtu yeyote angefanya. Ukikumbuka jambo moja tu kutoka kwangu mpaka unastaafu, kumbuka kumtazama anayekosea jikoni na kuuliza ni kitu gani kilifanya kosa liwe njia rahisi kuliko zote.

Na wewe? Ndiyo, umekosea. Sitakupaka mafuta kwa mgongo wa chupa. Uliulizwa swali la kitaalamu ukajibu kwa nusu ya ukurasa uliousoma juzi. Lakini pima vizuri: kiporo kilikuwa kinakaangwa kabla hujafika, na kingeendelea kukaangwa. Wewe hukuanzisha tabia, uliibariki, na neno "wataalamu wameruhusu" likaondoa ule wasiwasi kidogo ambao mama alikuwa nao. Deni lako ni hilo, wala si zaidi ya hilo.

Deni hulipwa. Nenda kwa mama kwanza, nyumbani kwake kama anaridhia, kabla ya kwenda kwa mtu mwingine yeyote. Mwambie kwa maneno mepesi: jibu nililokupa halikuwa sahihi, na sababu yake ni hii. Mweleze habari ya sumu isiyokufa kwa moto. Ataielewa haraka kuliko walivyoielewa wanafunzi wenzako, kwa sababu ameshapika maelfu ya sufuria na anajua jinsi katikati ya wali panavyounguza mkono hata pembeni pakiwa pamepoa. Muulize na yeye aliona nini siku ile. Huenda kuna jambo hulijui: labda wali ulichelewa kufunikwa, labda sufuria ilikaa karibu na jiko lililokuwa bado na moto.

Kisha andika ukurasa mmoja, wenye tarehe, bila lawama kwa yeyote. Uwe na kila saa uliyoniandikia mimi, na sentensi ya wazi kwamba tarehe fulani uliulizwa na mpishi na ukamjibu hivi. Hesabu iwemo: waliokula wali wa asubuhi 26, walioumwa 11, yaani asilimia 42, wa chai na mkate, hakuna, wa wali wa usiku, hakuna. Usiupeleke kwa msimamizi wa bweni peke yako. Mpelekee mwalimu anayesimamia mafunzo yako chuoni, muombe muende pamoja. Ndiyo, ripoti yako inaweza kucheleweshwa saini. Nisikudanganye kwamba haiwezekani. Lakini kuna mtu anakaa nyumbani bila mshahara kwa kosa ambalo saa zinasema hakulifanya namna anavyoshitakiwa, na ushahidi wa kumtetea uko kwenye daftari lako. Kati ya saini yako na mshahara wake, wewe ndiye mwenye akiba ya muda.

Mkifika huko msiende mikono mitupu, mwende na pendekezo. Msianze na friji kubwa, mtaambiwa hakuna fedha na kikao kitakwisha. Anzeni na kupika kidogo zaidi kulingana na hesabu ya walaji, maana kiporo kisichokuwepo hakimdhuru mtu. Kinachobaki kitolewe kwenye sufuria mapema, kitandazwe kwenye sinia pana, kina kisizidi sentimita 5, kiache kutoa mvuke kisha kiingie baridini. Sinia nyembamba zitapata nafasi mahali ambapo sufuria haikupata. Kipimo kinachotumika sana ni kushuka kutoka nyuzi 60 hadi 21 ndani ya saa mbili, na kufika 5 ndani ya saa nne zinazofuata. Kikishindwa, kinatupwa, na hapo mizani ya asubuhi lazima ibadilishwe kazi: iandike mabaki ili kesho kipikwe kidogo, isiwe fimbo ya kumchapia mpishi. Kila siku pia kitengwe kisahani kidogo cha kila chakula, kikae kwenye friji siku tatu. Kisahani hicho ndicho mlichokikosa.

Kipimajoto kinunuliwe kimoja kizuri cha kuchomeka. Ukitaka kujua kama kinasema kweli, kitie kwenye glasi ya barafu iliyosagwa na maji kidogo, kikae kwenye sifuri. Usitegemee maji yanayochemka, ukiwa mahali pa juu yatachemka kabla ya nyuzi 100.

Mwaka wangu wa kwanza wa ukaguzi nilipitisha jokofu kwa kusoma namba ya mlangoni: 4. Mzee mmoja wa maabara niliyefuatana naye akafungua, akachomeka kipimajoto chake ndani ya chombo cha maziwa: 11. Hakunigombeza. Alinipa kipimajoto kile niondoke nacho, na mpaka leo sijui kama ilikuwa zawadi au adhabu.

Tuje kwenye biashara unayotaka kuikimbilia. Ukihama kwa sababu unapenda biashara, safari njema. Ukihama kwa sababu ya alama 41, subiri kwanza nikuambie ninavyoona. Unakariri majina. Majina ni mlango wa mwisho wa somo hilo, si wa kwanza. Chukua kila kijidudu umuulize maswali kama unavyomhoji mpangaji mpya: unatoka wapi, unaingiaje kwenye chakula, unakua kwenye joto gani, moto unakuua au unajifunga ganda, ukifa unaacha nini? Listeria utamkumbuka milele ukijua kwamba hukua hata ndani ya friji, polepole lakini hukua, ndiyo maana chakula kilicho tayari kuliwa hakikai humo mwezi mzima. Clostridium botulinum utamkumbuka ukijua kwamba hapendi hewa wala asidi, hivyo makopo ya vyakula visivyo na ukali, vyenye pH (kipimo cha asidi, kikishuka ukali huzidi) zaidi ya 4.6, hupikwa kwa nyuzi 121, na ya matunda makali hayahitaji mateso hayo. Bacillus cereus hutahitaji kumkariri tena. Huyo umeshalipa ada yake.

Utaona nyuma ya majina yote kuna mambo machache tu yanayojirudia: joto, muda, maji, asidi, hewa. Anayeyaelewa hayo anaweza kuingia jiko au kiwanda ambacho hajawahi kukiona, akafuata chakula tangu mlango wa kupokelea hadi sahanini, akasema: hapa, penye hatua hii, tukiteleza hatuna pengine pa kujiokoa. Kwenu hatua hiyo ni kupoza, na kukaanga kulikuwa kumechelewa. Mfumo mzima wa HACCP, yaani wa kuchambua hatari na kudhibiti hatua zake nyeti, unaokuchosha darasani ni swali hilo tu lililowekewa utaratibu na kumbukumbu. Ulianza Marekani miaka ya 1960, kampuni ya Pillsbury ilipotengeneza chakula cha wanaanga pamoja na NASA, shirika la anga la Marekani, na maabara za jeshi. Mtu akiharisha angani hakuna wa kumkimbiza hospitali, na waligundua kwamba wakitaka uhakika kwa kupima chakula kilichokwisha tengenezwa, wangepima kingi mno kibaki kidogo cha kula. Ndipo wakahamishia macho kwenye hatua za kukitengeneza. Tume ya Codex ya viwango vya chakula, iliyoanzishwa na FAO (Shirika la Chakula na Kilimo) na WHO (Shirika la Afya Duniani) mwaka 1963, iliupitisha mwongozo wake mwaka 1993, na leo ndio lugha ya viwanda karibu kote duniani.

Kwa hiyo kaka yako akisema unasomea kunawa mikono, mwambie ni sura ya kwanza, na kwamba WHO mwaka 2015 ilikadiria watu milioni 600 huugua kila mwaka kwa sababu ya chakula na 420,000 hufa, 125,000 kati yao wakiwa watoto chini ya miaka mitano. Ukiona bado anacheka, mwachie, mpe na sabuni.

Lile nililoliweka kando ni hili. Siku watu walipokuwa wanatapika na wengine wanatafuta wa kulaumu, wewe ulihesabu. Ulijua nani alikula nini, saa ngapi, na nani hakuumwa. Hakuna aliyekutuma. Mikrobiolojia utafundishwa, na mtihani wa marudio upo. Tabia hiyo sijui hufundishwa wapi, nimefanya kazi na watu waliostaafu bila kuipata. Mimi ningekuajiri.

Mama usimwendee na karatasi mkononi siku ya kwanza. Nenda kamsalimie, kaa, subiri akuulize hali ya chuo. Karatasi ipeleke siku ya pili, umsomee kabla haijafika kwa mtu mwingine, na palipo na jina lake muulize kama ndivyo ilivyokuwa.

Mama Mkubwa